Betri Zilizokuwa Juani Siku ya Kura

Nilimnyima jirani yangu kura yake kwa kidole gumba kimoja, tena nikiwa nimeketi.

Ilikuwa 2005, Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, siku ya kuchagua washauri wa komine, madiwani wetu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata dukani ng'ambo ya njia naenda nimejiandaa kama msafiri. Dunia ilinifikia kwa redio na, tangu mwaka huo, kwa simu ya mkononi niliyoinunua ili nionekane nina watu wa kunipigia.

Jirani yangu, mjane muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, hakujua kusoma. Redio ndiyo iliyomfundisha: karatasi ya chama unachokitaka kwenye bahasha nyeupe, nyingine zote kwenye bahasha nyeusi. Wiki nzima tulifanya mazoezi kibarazani kwa karatasi za majani ya chai. Mimi nilijifanya msimamizi wa kituo, yeye akinifokea: "Geuza macho, muzee! Kura ni siri." Kura ya mwaka wa tisini na tatu aliipiga pamoja na mumewe; mwaka haukuisha, vita vikaanza, mume hakuwepo. Hii alitaka kuitia kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi akapita kwangu amevaa imvutano, ile nguo yake ya kuendea harusi, kadi ya kura mkononi. Simu yangu ikalia. Ujumbe wa binamu yangu wa mtaa wa Ngagara: risasi zimelia kwenye shule ya Nyakabiga, watu wamerudishwa, kura ni kesho.

Shule, kituo chetu cha kura, iko mwendo wa sigara moja. Redio ingenijibu palepale, lakini betri zake nilikuwa nimezianika juu ya bati, zipate nguvu ya matokeo ya jioni. Nikamsomea ujumbe kwa sauti ya mtangazaji. Baada ya miaka kumi na miwili ya risasi za kweli, nani angebisha? Akarudi kwake, akajifungia ndani, kama tulivyozoea.

Saa kumi na moja nikarudisha betri redioni. Mwandishi wa habari alikuwa ameshinda mlangoni pa shule yetu ile ile: risasi hakuna, foleni tangu alfajiri, kituo kimefungwa, kura zinahesabiwa.

Nikampigia binamu.

"Mi nilitumiwa tu," akasema, "na mutu wa Kamenge."

Na huyo wa Kamenge? Alitumiwa tu. Wote walitumiwa tu! Hakuna aliyeona, hakuna aliyeandika, vidole tu. Mtu fulani aliketi mahali, akachukua hofu yetu, ile tuliyoilipia kwa makaburi, akaifanya kizuizi cha barabara. Sisi wenye simu tukawa askari wake wa bure, nami mstari wa mbele, kwenye kiti changu. Kura yangu ilipotea pia, lakini mimi nilistahili.

Nilimkuta jirani yangu uani, akitazama kidole cha mpangaji mwenzake kilivyolowa wino wa kura. Chake kilikuwa safi. Nikaanza kujieleza: ujumbe, binamu, Kamenge. Nikamnyooshea hata simu, mtu asiyejua kusoma. Hakuitazama.

"Apana, toa hiyo kitu hapa," akasema. "Shule iko pale. Ulikuwa na miguu mbili, na haukutuma hata moja iende kuuliza."