Mnada wa Aminieli kwenye Foleni ya Malori

Wananchi wote mnatangaziwa, na mwenye magoti mazima asimame, kwamba uchumi wa kaskazini umeokolewa na Aminieli wa Akheri, dereva wa Fuso, mzee wa kanisa na bingwa wa kusinzia wakati wa mahubiri.

Ilikuwa hivi. Kina mama wa Akheri walimpakilia mikungu ya ndizi mbichi za kupika, awauzie sokoni Dar. Mkewe, Vaileth, akachomeka katikati mkungu mmoja ulioiva, zawadi ya kumpelekea binti yao Hope huko Dar. Kila mtu mlimani anajua ndizi mbivu huivisha zilizo jirani. Aminieli naye alijua. Ila kati ya kubishana na ndizi na kubishana na Vaileth, akaona heri ndizi. Kwanza safari yenyewe siku moja tu.

Mbele kidogo ya Usa River, mto ulikuwa umefurika ukabeba kipande cha barabara. Malori yakapangana pande zote mbili. Kufikia siku ya tatu, saruji ilikuwa imekaa ng'ambo, na mafundi wa Arusha wamekaa kwenye kuta zisizoisha. Kisongo watu walioa bila soda. Na ndani ya Fuso, mkungu wa Hope ulikuwa umeshawishi gari zima.

"Shikamoo mzee," alisema Lemomo, dereva wa lori la mahindi lililokuwa nyuma yake. "Unapeleka ndizi au unapika pombe ya mbege?"

"Marahaba. Funga dirisha lako."

Akafunua turubai. Njano tupu. Zingefika Dar uji. Angewatazamaje wale kina mama Jumapili, akiwapitishia kikapu cha sadaka?

Kikapu kikamkumbusha mnada. Usharikani kwao, asiye na pesa huleta kuku au mayai, na baada ya ibada Aminieli huyanadi mpaka yai lipate bei ya kuku. Akapanda juu ya Fuso, akavua kofia, akaomba sala fupi ili watu wasikimbie.

"Mkungu huu ni wa mama Anande. Mjane, hana meno, imani anayo. Nani anaanza?"

"Elfu moja," alisema Lemomo.

"Huyu kalelewa na nani? Hata mahindi yako yanaona aibu. Ongeza."

Akaongeza. Abiria wa mabasi wakasogea. Mmoja ananunua, halafu kama kanisani anasema, "Nampa bibi yule." Bibi kwa haya ananunua mwingine, anampa trafiki. Kufikia alasiri gari lilikuwa tupu, hata mkungu wa Hope umekwenda, na jasho la kina mama limejaa mfuko wa koti.

Naisula, mtangazaji wa redio, akamsogezea kipaza sauti.

"Baba, biashara ya kanda nzima imesimama, wewe peke yako umeokoa jasho la wakulima. Unaliambia nini taifa?"

Aminieli alikuwa anakunja turubai.

"Ndizi zimeisha, mwanangu."