Wakili Abdulatif na Nyumba ya Sitara

Redio ikitangaza kwamba Balozi Abdulatif amewapatanisha wavuvi wa nchi mbili waliokuwa wakikatiana nyavu, wakaanga samaki wa soko la Feri huongeza sauti. Huyo ni mtu wao. Kazaliwa Ilala, mama yake akiuza vitumbua. Kasoma sheria kwa vitumbua hivyo hivyo, kisha kafungua ofisi ghorofani Kariakoo, juu ya duka la vitenge. Miaka nenda miaka rudi akawatetea wapangaji, wachuuzi na wanawake walioachwa. Kipaji chake kilikuwa kimoja: kunyamaza.

Sitara hakukijua kipaji hicho siku alipozipanda zile ngazi akihema. Mumewe, Mbaruku, alikuwa amemwacha na kuchumbia binti mbichi, na sasa anamtaka ahame nyumba ya Ilala, ati kaijenga peke yake. Wanaume wengine wakipata mke mpya husahau hata nani aliwafulia walipokuwa na shati moja. Na wakili mwenyewe ndiye huyo, ameteuliwa balozi, anaondoka.

"Unakwenda kula kuku na wafalme, mimi nikalale bustani ya Mnazi Mmoja na kunguru?"

"Shikamoo, dada Sitara."

"Marahaba. Nimeshiba shikamoo, nataka nyumba."

Wakili akacheka. "Siondoki kabla kesi yako haijaisha. Kesho namwita Mbaruku. Na wewe uje, ila ufunge mdomo."

"Mimi?"

"Wewe."

Mbaruku alikuja na kaka yake mkubwa, Kitwana, awe shahidi wake. Wakili akawamiminia kahawa, akawasogezea kisahani cha kashata, akakaa. Hakusema neno. Sitara akauma upindo wa kanga yake. Kile kimya kikamwasha Mbaruku kama upupu.

"Kwani tumeitwa msibani? Nyumba nimejenga mimi! Nani alibeba saruji? Mimi! Nani alisimamia mafundi? Mimi! Huyu kazi yake ilikuwa kununua matofali na mabati tu, basi!"

Kitwana akatua kikombe. "Mabati tu? Wewe ungeezeka kwa kofia?"

Karani wa chumba cha pili akaangua kicheko. Mbaruku akatazama huku na huku, lakini maneno yalikwisha toka, na shahidi wake mwenyewe ameyasikia.

"Mdogo wangu," Kitwana akasema, "usitupeleke mahakamani tukachekwe. Gawaneni."

Wakagawana. Sitara akapata vyumba vyote vya mbele pamoja na baraza, Mbaruku vya uani. Wakatia saini, mahakama ikayapokea mapatano yao.

Wakili alipopanda ndege, Sitara hakwenda kumsindikiza. Alikuwa akipaka rangi milango yake. Mikono ingali na rangi, akasikia hodi. Bibi harusi wa Mbaruku amesimama barazani na sanduku lake.

"Karibu, mwanangu," Sitara akamwambia. "Mlango wenu ni wa nyuma. Pita uchochoroni, na uangalie usiteleze, nimemwaga maji ya samaki."