Fundi Saa na Faili la Harusi

Fundi Saa hakuwahi kuona kitu kibovu akakipita. Ukimpelekea saa iliyokufa, ataifungua kwanza, bei mtazungumza baadaye. Ila nyumbani alikuwa na kitu kimoja alichokiombea kisipone milele: faili la video ya harusi yake.

Kwa miaka ishirini na miwili mkewe alishikilia kwamba siku ile bwana harusi alichukua kipaza sauti, akaahidi kumpikia chai kila asubuhi. Fundi Saa alikana katakata. Ushahidi ulikuwa faili hilo tu, nalo liligoma kwenye kila kompyuta. Basi yeye akawa analala hadi saa mbili, na mke wa watu akaitwa mzushi na mawifi zake.

Jumamosi moja akaja mpwa wa mke, karani wa duka la fotokopi, na kompyuta yake kwapani.

"Shangazi, kuna programu ya bure, ile yenye alama ya koni ya barabarani. Inacheza karibu kila faili. Na haina siri, anayetaka anaifungua aone ilivyoundwa."

"Bure ghali, mwanangu," Fundi Saa akacheka. "Ikiweza, kesho chai napika mimi!"

Lakini kusikia kitu kinafunguliwa ndani, mikono ikamwasha. Akaomba kipanya ajaribu mwenyewe. Programu ikamuuliza: faili limeharibika, litengenezwe au liachwe?

Angebonyeza "liachwe" tu, angelala usingizi wake mpaka uzeeni. Kidole kilichotengeneza saa miaka thelathini hakikungoja ruhusa. Kikabonyeza "litengenezwe".

Picha ikarukaruka, sauti ikatoka safi. "Mke wangu, chai ya asubuhi nitapika mimi mpaka kufa!"

"Haya, mzushi nani?" mkewe akauliza, mikono kiunoni. Fundi Saa aliona aibu mpaka masikioni, akataka kuizima.

"Thubutu! Iache iishe."

Ikaendelea. Bibi harusi akapokea kipaza sauti: "Nami naahidi, atakachonipikia nitakula, wala sitamkosoa hata siku moja!"

Sebuleni alicheka mpwa peke yake.

Asubuhi, saa kumi na mbili, Fundi Saa alileta chai. Sukari alisahau, chumvi hakusahau.

"Ikoje?" akauliza kwa upole.

Mkewe alimtazama. Miaka ishirini na miwili ya kuitwa mzushi! Akainywa mpaka tone la mwisho, akasogeza kikombe.

"Niongezee."