Mashine ya Baba Niliyoisugua

Juzi nilimwona fundi mmoja wa Kahama kwenye simu, akionyesha mashine ya kukerezea vyuma aliyojiundia nyumbani, nikakumbuka harufu ya oili uani kwetu Tinde.

Baba naye alijiundia ya kwake. Mchana mmoja alienda kumwita rafiki yake aje kuiona. Mimi nikadhani oili iliyojaa kwenye reli zake laini za kutelezeshea kisu cha kukatia ni uchafu, nikazisugua kwa mchanga kama masufuria, hadi zikang'aa.

Baba alirudi na mgeni, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo.

"Mama Kabula, umeisugua wewe?"

Mama alinitazama, kisha akapiga magoti. "Nisamehe, Baba Kabula. Sikujua."

Mpaka tunamzika Baba, aliamini ni Mama aliyeisugua.