Mkono wa Nanzala

Alhamisi daktari alimwambia Nanzala ana baridi yabisi, ile inayovimbisha viungo, na atameza dawa maisha yake yote. Jumapili, ibada ilipokwisha, waumini walipanga mstari nje ya kanisa wapeane mikono kama kawaida. Nanzala akaficha yake ndani ya leso aliyojifunga mabegani.

"Siku hizi unatuonea kinyaa?" Branice, mwenyekiti wa akina mama, akamuuliza mbele ya watu wote.

Nanzala akapandwa na hasira. Miaka kumi na tisa mikono hii imekata mkonge, leo iitwe ya maringo! Akaifungua leso. Gauni lake halikuwa limefungwa kifungo hata kimoja.

"Nifungie vifungo hivi kwanza, dada. Vimenishinda tangu alfajiri. Ukimaliza, chukua mkono uuminye utakavyo!"