Mama wa Benchi la Mwisho

Kamati ya jubilei ya usharika wetu ilikaa vikao vitatu kujadili rangi ya kitenge. Wengine walitaka zambarau, wengine kijani, na mama mmoja alitoka nje kwa hasira kwa sababu ya maua makubwa ambayo alisema yanamnenepesha. Historia ya usharika ilijadiliwa dakika tano, mwishoni, watu wameshasimama na mikoba iko begani. "Mwalimu ataandika," akasema mwenyekiti, mzee wa kanisa aliyekikalia kiti hicho tangu wachungaji watano waliopita. Mwalimu ni mimi. Nilikuwa nimestaafu mwaka uliotangulia, na mji mzima uliamini kwamba sina la kufanya.

Sikukataa. Kusema kweli nilifurahi, ingawa nilinuna kidogo wasije wakanibebesha na kazi ya jikoni. Kanisa hili nimelijua kabla halijawa kanisa. Mji wetu ni mdogo, uko upande wa Kingolwira ukitoka Morogoro, na nilipokuwa mtoto Walutheri tulikuwa familia chache tu za watu wa kuja: wafanyakazi wa reli, askari magereza, vibarua wa mkonge, na walimu kama baba yangu. Majirani zetu Waislamu na Wakatoliki walituona watu wa ajabu kidogo, tunaoimba sauti nne hata tukiwa watu wanane. Tulikuwa tukifanya ibada katika stoo ya mahindi ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, Mwislamu, ambaye kila Jumamosi alasiri aliifagia kwa mkono wake na hakuwahi kutuuliza tutahama lini. Nilianza historia yangu na mzee yule, na siku niliyomaliza aya yake nililala usingizi mzuri.

Baada ya stoo yalikuja mawe. Ulikuwepo utaratibu kwamba kila anayekuja ibadani aje na jiwe kutoka mtoni. Mtoto jiwe la kiasi chake, mtu mzima la kwake. Mto ule unashuka kutoka Uluguru, na mawe yake ni ya mviringo, mazito, yanateleza kichwani hata ukiweka ngata. Tulikuwa tunaingia ibadani shingo zimekakamaa. Msingi wa kanisa letu ni mawe hayo.

Kisha nikafika kwenye orodha ya waasisi, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilichukua kitabu cha wanaoshiriki Meza ya Bwana, nikatafuta siku kanisa lilipofunguliwa, nikanakili kila jina lililokuwa na alama ya kushiriki. Kazi ya nusu saa. Kamati ikapitisha bila swali, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Sasa lazima niseme habari za mama mmoja. Kwao ni Iringa. Alikuja huku akiwa msichana, na baba yake aliyekuwa kibarua wa mkonge. Akaolewa na Mluguru wa milimani, Mwislamu, muuza ndizi na mboga. Tangu nipate akili, mama huyu anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Anafika wa kwanza, anafagia, anapanga vitabu vya nyimbo, anaimba alto inayowashikilia wenzake wote. Wakati wa Meza ya Bwana watu wanapopanga foleni kwenda mbele, yeye habanduki pale alipo. Sisi watoto tulijua kwamba ametengwa. Kwetu, mtu akioa au akiolewa kinyume cha taratibu huzuiwa asiende Mezani, mpaka siku atakaposimama mbele ya usharika, atubu, arudishwe kundini. Nilikuwa nimeona wengi wakirudishwa. Yeye sikuwahi kumwona.

Nilipofikia umri wa kipaimara, kichwa changu kilikuwa kigumu. Masomo yale yalitakiwa yakae kichwani neno kwa neno, na mimi nilikuwa nayapoteza njiani kabla sijafika nyumbani. Mama huyu ndiye aliyenichukua. Mchana nikitoka shule napita jikoni kwake, tunamenya kunde, ananiuliza, najibu. Nikikosea ananisogezea kunde nyingine. Nilimenya kunde za kutosha kulisha gereza zima, lakini siku ya mtihani sikukosa hata neno moja. Jumapili ile nilipokwenda Mezani mara ya kwanza, niligeuka nikamwona kule nyuma akitabasamu. Baadaye nikamuuliza, kwa ujinga wa utoto, mbona yeye haji. "Mimi bado nasubiri," akasema, akanituma maji. Si mimi peke yangu. Robo ya usharika ule imepita jikoni kwake kabla ya kufika Mezani, na kama nimeweza kufundisha watoto wa watu maisha yangu yote, mkono wa kwanza ni wake. Namshukuru, na nitamshukuru mpaka mwisho.

Basi, historia ikiwa imekamilika, nilikwenda kwake kumuuliza jambo dogo tu: nani aliyeanzisha ule utaratibu wa mawe. Nilimkuta uani anachambua mchele, mumewe pembeni amepindua baiskeli anaziba pancha.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hiyo karatasi yako."

Nikasoma yote, kwa madoido. Nilipofika kwenye waasisi niliona ameacha kuchambua. Alisikiliza jina baada ya jina, macho kwenye ungo. Nilipomaliza akasema, "Umeandika vizuri," akainuka kwenda kutazama chungu ambacho hakikuwa hata kimebandikwa.

Ndipo nikashtuka. Jina lake halikuwemo. Yeye aliyebeba mawe, tena mengine ya wagonjwa na wajawazito, sikumwandika, kwa sababu nilifuata alama za kitabu na yeye siku ile alikuwa tayari ameshahamia benchi la nyuma. Uso uliniwaka kwa aibu. Nikamfuata jikoni nikamuuliza jambo ambalo ningepaswa kumuuliza zamani: alitengwa lini, na nani.

Akaniambia. Alipoolewa, mwinjilisti aliyekuwepo alimwita akamwambia, kwa upole kabisa, akae nyuma kwanza, asije Mezani, mpaka atakapomwandikia mchungaji mjini na kupata jibu. Akakaa. Kabla jibu halijaja mwinjilisti akahamishiwa upande wa Mzumbe. Wakaja wachungaji, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimwambia asimame mbele atubu arudi kundini.

"Nikawauliza, nitubu nini? Wakasema, hiyo ndoa. Mwalimu, mwanamume huyu hajanizuia kuja kanisani hata siku moja. Ananileta kwa baiskeli, ananisubiri pale kwenye duka la soda mpaka tutoke. Sasa nisimame mbele za watu niseme najuta kuolewa naye, halafu nipande baiskeli yake anirudishe nyumbani?"

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina gundi. "Mwambie akatubu, Mwalimu," akasema taratibu. "Mimi sitaumia. Tumezeeka. Mimi ndiye niliyemkosesha chakula chake cha Mungu, najua."

"Hebu nyamaza huko," mama akamwambia. Kisha akanigeukia. "Natamani kwenda, mwanangu. Kila Jumapili natamani. Ila si kwa njia hiyo."

Niliondoka pale nikiwa na hasira na kila mtu, nikianzia na mimi mwenyewe. Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa mchungaji wetu, dada ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, nikamwambia kwamba historia ile siisomi mpaka mama yule aingie, tena aruhusiwe kwenda Mezani. Akaitisha kikao cha wazee. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho, akajikohoza.

"Kumwandika, sawa. Lakini Meza ni jambo lingine, Mwalimu. Utaratibu ni utaratibu. Aliyetengwa sharti arudishwe kundini."

"Alitengwa na kikao gani?" mchungaji akauliza.

Mwenyekiti akasema itakuwemo kwenye kumbukumbu. Yule mzee nina vita naye vingi, ila nampa haki yake: anaheshimu maandishi. Kesho yake alikuja mwenyewe ofisini, akatoa sanduku la bati la vitabu vya zamani, na kwa siku mbili mchana tulikaa watatu, yeye, mchungaji na mimi, tukipuliza vumbi na mavi ya panya. Tulisoma kikao kwa kikao. Tulikuta waliotengwa kwa ulevi, kwa kuzaa nje ya ndoa, kwa kwenda kwa mganga, na mmoja kwa kumpiga mwinjilisti. Yeye hatukumkuta. Barua ya kwenda mjini haikuwepo, jibu halikuwepo. Katika daftari la washarika jina lake lilikuwa palepale lilipoandikwa alipokuja kutoka Iringa, halijakatwa kwa mstari wala kuwekewa neno.

Mwenyekiti alilipitia ukurasa ule kwa kidole mara tatu. Akavua miwani.

"Hajatengwa," akasema. "Basi hakuna wa kurudishwa. Huwezi kumrudisha mtu ambaye hajatoka." Akaifuta miwani kwa muda mrefu. "Nimekuwa nampita pale mlangoni miaka yote hii. Nilidhani wenzangu ndio wanaojua sababu."

Kila mmoja wetu alidhani hivyo. Mama aliambiwa asubiri, naye akasubiri. Na sisi tulipomwona nyuma tukadhani ana kosa. Nilimwogopa Mungu siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Kazi ya kwenda kumwambia ilikuwa mbaya zaidi. Unamwambiaje mtu jambo kama hilo? Nilikwenda na mchungaji. Tukawakuta wote wawili uani. Mchungaji hakuzunguka, alisema yote kwa sentensi chache.

Mama akauliza, polepole, "Kwa hiyo nilikaa pale bure?"

"Ndiyo, mama," mchungaji akajibu. "Tumekukosea. Wa kutubu ni sisi."

Alikasirika, na nilifurahi kwamba alikasirika. Alisema maneno mazito kuhusu mwinjilisti yule, kuhusu wachungaji wote na barua zao, na mengine kuhusu mwalimu fulani anayenakili majina bila kutazama watu. Niliyapokea yote. Mumewe alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, mkono kifuani.

"Kwa hiyo si mimi," akasema hatimaye.

"Si wewe, baba," nikamwambia.

"Si mimi," akarudia, akalia mbele yetu bila kujificha. Mkewe akaacha kufoka, akaenda kuketi karibu naye. Baadaye kidogo akatutazama. "Msije mkaanza kusimama mbele za watu kwa ajili yangu, mtanitia aibu. Jumapili ya jubilei kuna Meza?"

Ilikuwepo.

Kitenge cha zambarau kilishinda, na maua yake, na kweli yalitunenepesha wote. Kwaya zilikuja kutoka Mazimbu na mjini. Nilisoma historia, mzee wa stoo ya mahindi akiwa wa kwanza, na kwenye waasisi nilimtaja mama kwa jina lake kamili, pamoja na mawe na kunde. Watu walipiga vigelegele. Mimi ilibidi nikohoe kama mwenyekiti.

Meza ilipoandaliwa, benchi baada ya benchi wakaenda. Zamu ya benchi la mwisho ilipofika, aliinuka. Kutoka pale hadi mbele si mbali kwa mtu mzima wa miguu, lakini goti lake ni bovu, na alitembea peke yake kwa sababu alimkataa kila aliyenyoosha mkono. Kwaya iliacha kuimba bila mtu kuiambia. Alipofika alipiga magoti kwa shida, na mwenyekiti, aliyekuwa ameshika vikombe, alivitua kwanza, akamshika kiwiko mpaka akatulia. Mchungaji akampa mkate, akampa kikombe. "Amina" yake ilisikika hadi nje.

Niligeuka, na nikamwona mumewe. Hakuwa kwenye duka la soda. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia kichwani, shati jeupe limepigwa pasi, na ndala zake alikuwa amezivua akaziacha kwenye kizingiti, kama mtu aingiavyo mahali pa ibada. Hakuingia zaidi ya hapo. Alisimama pekupeku akimtazama mkewe akila.

Mama aliinuka, akarudi taratibu kati ya mabenchi. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akainama na goti lake lile, akaziokota ndala, akampangia miguuni ili azivae.