Kadi ya Redio Nilishaigonga Nyota

Mwenzenu nimemnyamazisha mtoto wa miaka minane. Sikumpiga, wala sikumfokea. Nilimpa kazi ya nyumbani.

Nafundisha darasa la pili. Huyu binti tulimpachika jina la Redio, maana mdomo wake haukuwa na swichi. Ukiandika ubaoni, anatangaza. Ukinywa maji, anatangaza: "Jamani, mwalimu anakunywa maji!"

Jumatatu moja akaingia kimya. Jumanne kimya.

Jumatano nikamtania, "Vipi Redio, betri zimeisha?"

Darasa zima likacheka. Yeye akainamisha kichwa, akaendelea kuchonga penseli ambayo ilikuwa imeshachongoka.

Hapo roho yangu ikaanza kunisuta.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Kila Ijumaa nina kipindi cha hisia, nusu saa. Watoto wanajifunza kutaja hasira, woga na wivu, na kuvuta pumzi kabla ya kurusha ngumi. Wenzangu ofisini wananiita Daktari wa Machozi. Wacha waniite! Ngumi za kugombea mpira zimepungua mno mwaka huu, na mimi nilikuwa natamba kweli kweli.

Ijumaa kabla ya kimya hicho nikawagawia kadi ndogo zenye nafasi za kujaza: "Ukifanya hivi, mimi najisikia hivi. Naomba hivi."

"Mkajaze nyumbani," nikawaambia. "Chagua mtu mmoja, umsomee, atie sahihi. Maneno yana nguvu, watoto! Ukiyasema vizuri, mtu anabadilika."

Jumatatu ile ile zikarudi kadi thelathini na nane. Nikazipitia wakati wa chai. Kuzipitia ni kujisifia tu, ukweli ni kwamba nilitazama sahihi, nikagonga muhuri wa nyota, nikasukuma pembeni. Sahihi, nyota. Sahihi, nyota.

Sasa Jumatano ile ndiyo nikazikumbuka. Nikalitoa bunda kabatini, nikaitafuta ya Redio.

"Baba ukigombana na mama, mimi najisikia tumbo linauma. Naomba uache."

Chini yake sahihi ya baba. Pembeni nyota yangu, inang'aa.

Nikajua hapa mtoto kapigwa, tena kapigwa kwa ajili yangu. Nikampigia simu mama yake. Ni fundi cherehani, akaja mbio na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Mama, niambie ukweli. Baba yake kamfanya nini huyu mtoto?"

"Hajamgusa, mwalimu."

"Mama, usimfiche huyo mtu!"

"Nimfiche ili iweje? Kwanza hayupo."

Nikakaa.

Akanisimulia. Jumapili mtoto alisimama mbele ya baba yake, akasoma kadi bila kukosea hata neno. Baba akaomba kalamu. Akatia sahihi. Akambusu kichwani, akamwambia, "Sawa mama, nimekusikia. Naacha."

Kisha akaingia chumbani, akapakia nguo zake kwenye begi, akatoka. Simu yake haipatikani tangu hapo.

"Angeondoka tu," mama akasema, anajifuta macho kwa kiganja. "Tumevurugana mwaka mzima. Wewe sikulaumu, mwalimu. Ila mtoto anajua ni yeye ndiye kamfukuza. Nimemwambia siyo, haamini. Jaribu wewe, wewe anakuamini."

Watoto walipotoka kwenda kucheza, nikambakisha Redio. Nikachuchumaa mbele ya dawati lake.

"Mwanangu, baba hakuondoka kwa sababu yako. Yale yalikuwa maneno tu."

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu, akafungua mdomo.

"Wewe ulisema maneno yana nguvu."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi nipe nyingine, mwalimu."

"Nyingine nini?"

"Kadi. Ya kumrudisha."

Ndugu zangu, miaka tisa nasimama mbele ya watoto, sijawahi kuombwa kitu kama kile. Nikavuta pumzi, ndani, nje, kama ninavyowafundisha wao. Haikusaidia kitu. Nikalia pale pale, mtu mzima na chaki mkononi, na yeye akakaa ananisubiri nimalize ili nimpe kadi yake.

Mpaka leo ananisubiri. Nikiingia darasani asubuhi, ananitazama mikono kwanza. Mshauri nasaha tumemtafuta, tumeambiwa nafasi ni baada ya miezi miwili.

Mwalimu mwenzangu, soma kabla hujagonga nyota. Usimtume mtoto akarekebishe ugomvi wa watu wazima kwa kikaratasi, kama nilivyofanya mimi.

Na wewe mzazi, siku ukiletewa kadi kama ile, kalamu iache kwanza. Kaa chini, umuulize tumbo linamuuma wapi.